Ndoo Nyuma ya Jiko

Kwa miaka yote niliyoishi kwa baba mkwe wangu, nyuma ya jiko letu ilikaa ndoo ya oili. Mahali pale mtu mwingine angeweka viatu vyake vikauke. Sisi viatu tulivitundika kwenye kamba, ndoo ikapewa nafasi ya heshima, kwa sababu mkwe wangu huyo, mzee Prokopi, alisema gari ni kama ng'ombe: ukilikosea jioni, asubuhi halikupi kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Gari likirudi safari, injini ingali ya moto, mzee anajilaza kwenye theluji, anaingia chini na spana, anafungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na oili yote inashukia ndooni. Anaibeba ndani. Betri nayo inaingia ndani, inalazwa karibu na mlango. Gari linabaki nje, limefunikwa blanketi zito la sufu, tumbo tupu. Asubuhi ndoo inapanda jikoni mpaka oili itoe moshi, halafu inakimbizwa nje na kumiminwa kwenye injini kabla haijapoa, na mtu anapiga stata huku amebana pumzi. Usipofanya hivyo, kwa baridi ya kijiji chetu hapa kando ya mto Lena, oili ya kawaida inaganda kama mafuta ya kondoo na injini haizunguki hata ukiifungia farasi.

Sisemi njia ile ilikuwa mbaya. Baba yake mzee Prokopi aliitumia kwenye trekta la shamba la serikali, mzee akairithi pamoja na spana, na hakuna siku gari lilimshinda. Lakini mimi shule niliiacha mapema nikaenda kuendesha malori ya makaa, na kule nilijifunza jambo moja: ukiona watu wanateseka kila siku kwa namna ileile, uliza kama ni lazima. Kule kwenye malori walikuwa wakitumia oili ya sintetiki. Hiyo haikamuliwi tu ardhini ikachujwa, inaundwa kiwandani, na baridi haiigandishi upesi. Madereva walilala, waliamka, waliwasha. Ndoo hawakuijua.

Kilichonifikisha mwisho ni Tuyaara, mke wa jirani. Majira ya baridi ya mwaka jana uchungu ulimshika asubuhi. Muuguzi wetu, Varvara, akasema mtoto amekaa vibaya, avushwe mto kwa barabara ya barafu apelekwe hospitali ya wilaya. Wakamleta kwetu, kwa sababu gari la kubeba wagonjwa hapa kijijini ni hilo letu moja, lile tunaloliita Mkate kwa umbo lake. Tuyaara analia kwenye kitanda changu, Varvara anataka jiko achemshe maji, mzee anataka jiko achemshe oili.

"Ondoa huo uchafu wako, mzee Prokopi!"

"Nikiuondoa mtakwenda na nini? Utambeba mgongoni?"

Mtoto hakuwasubiri wamalize. Alitanguliza miguu. Aliishi, na mama yake aliishi, ila alitoka damu nyingi, na Varvara hakumsalimia mzee mpaka theluji ilipoyeyuka. Gari liliwaka wakati mtoto ananyonya. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo tupu mkononi, nikasema moyoni: hii ni mara ya mwisho.

Kiangazi kilipoisha, mzee akatuita mezani. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Barabara ya barafu inataka mtu anayeona ufa kabla gurudumu halijauona. Akasema majira haya ataachia ufunguo. Kwa nani, bado. Pale mezani tulikuwa wawili tunaoutaka. Mimi, mkwe, niliyeoa binti yake Aita na kuishi chini ya paa lake. Na Gavril, mwanawe, aliyerudi kutoka migodini na mgongo mbovu na mdomo mzima. Asiyeupata ufunguo alikuwa anajua pa kwenda: chumba cha makaa, kule wanakochochea moto unaopasha joto shule na zahanati, koleo kutoka asubuhi mpaka jioni. Gavril kwa mgongo ule angekufa. Mimi kwa kinyongo.

"Mimi nitafuata njia ya baba," Gavril akasema upesi.

"Mimi sitaifuata," nikasema. "Ukinipa gari, baba, ndoo inatoka nyumbani."

Aita alinikanyaga mguu chini ya meza. Nimekanyagwa mguu na mwanamke huyu tangu tulipooana na bado sijajifunza.

Mzee alimega kipande cha chapati ya maziwa, akafungua mlango wa jiko, akakitupia moto, kama anavyofanya kabla ya neno zito. Kisha akasema, "Sawa. Weka hayo maji yako. Siku ya kwanza baridi ikifika arobaini chini ya sifuri, utaliwasha bila ndoo, bila moto chini ya injini. Betri italala ndani, hiyo ni haki. Likiwaka, ufunguo wako. Lisipowaka, Gavril anaendesha, na hiyo oili yako tutapaka viatu."

Nikashuka mjini na paja la farasi la kuuza, nikarudi na madumu mawili ya sintetiki. Aita alilia paja. Nikamwambia nyama itakuja nyingine.

Sasa, kuna watu wanadhani kubadili oili ni kumwaga hii na kutia ile. Hao ndio wanaorudi wakilalamika kwamba sintetiki imeua gari. Injini iliyoishi miaka mingi kwa oili ya kawaida ina tope jeusi limejipaka kila kona. Oili mpya ni nyembamba na ina dawa za kuosha. Italing'oa tope lile na kulipeleka kwenye vitundu vya kupitisha oili, na palipokuwa pamezibwa na uchafu patavuja. Kwa hiyo nilianza na usafi. Niliipasha injini, nikamwaga oili ya zamani, nikatia ya kuoshea, nikaiacha iungurume taratibu, nikaimwaga nayo. Nikashusha sampu. Chini mlikuwa na tope la kukwangua kwa kijiko, na nililikwangua kwa kijiko. Nikabadili gasketi, nikabadili filta, nikaweka uzi mpya kwenye sili ya nyuma inayozuia oili isivuje. Ndipo nikamimina sintetiki.

Gavril alikuja kusimama juu yangu na mikono mifukoni.

"Shemeji, hiyo ni oili au chai ya hospitali? Naona mpaka chini ya jagi."

"Utaiona ikifanya kazi."

"Nyepesi hivyo itakimbia kama mbwa aliyeona mlango wazi."

Na kweli, wiki ya kwanza ilivuja kidogo. Theluji ya kwetu haifichi siri. Tone moja jeusi linaonekana kutoka barabarani. Kila asubuhi mzee alitoka na fimbo yake, akainama chini ya Mkate, akarudi ndani na habari.

"Mkwe, gari lako limekojoa."

"Tone tu, baba."

"Jana tone. Leo tone na mdogo wake."

Nikakaza nati za sampu zaidi, nikarudia sili ya nyuma, na matone yakakoma. Mzee hakusifu. Aliacha tu kutoa habari, na mimi nikalihesabu hilo kuwa sifa.

Mto ukaganda. Barafu ya maji ya kunywa ikakatwa na kupangwa nje kama matofali. Baridi ikashuka thelathini, thelathini na tano. Siku hizo gari liliwaka bila shida, lakini Gavril alisema thelathini ni hali ya hewa ya watalii. Kisha asubuhi moja dirisha liliota ukungu mnene wa barafu kona zote nne, Aita akachungulia kipimajoto akasema, "Arobaini na moja."

Nilikunywa chai yangu yote. Sikuwa na haraka, najua ninachokijua. Nikavaa buti, nikabeba betri, nikatoka. Gavril alikuwa ameshafika, nyusi nyeupe kwa barafu, na mkononi ana kopo la oili yake ya kawaida, alilokuwa ameliweka kibandani tayari kwa siku ya ushindi.

"Nimekuletea kumbukumbu, shemeji. Uende nayo kwenye makaa."

"Sogea nifunge betri."

Nikafunga betri. Ufunguo mzee alikuwa ameuacha garini tangu jana, umening'inia kwenye swichi, na Gavril akasema, "Haya basi, zungusha tuone." Nilikuwa karibu kuuzungusha. Kuna jambo moja tu lililonizuia, nalo si akili, ni mazoea ya malori: kule, ukipiga stata kabla ya kuchomoa kijiti cha kupimia oili, msimamizi alikutukana mpaka babu yako. Nikachomoa kijiti.

Kikavu.

Nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Kikavu kama mfupa wa supu ya juzi. Injini haikuwa na oili hata ya kupaka nywele. Ningepiga stata ningekuwa nimeua gari la kijiji kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya shahidi.

Sikufikiri. Nilimshika Gavril kola.

"Umeimwaga!"

"Nini?"

"Oili! Umeimwaga ili niunguze injini!"

"Una wazimu? Niachie! Naapa kwa moto wa nyumba ya baba yangu, hilo gari sijaligusa!"

"Nani mwingine anataka nishindwe?"

"Mimi nataka ushindwe, ndiyo! Lakini kwa baridi, si kwa wizi! Gari likifa mimi nitaendesha nini, mjinga wewe?"

Hilo lilikuwa na maana. Nikamwachia. Gavril akajifuta, akalala kwenye theluji kwa mgongo wake mbovu akachungulia chini, mimi nikalala upande wa pili. Theluji safi. Hakuna tone. Nati ya sampu ilikuwa imekazwa barabara, imefutwa kwa kitambaa mpaka inang'aa.

Tukatazamana chini ya gari. Gavril tangu azaliwe hajawahi kufuta nati.

"Shemeji," akasema taratibu.

"Nimeona."

Tuliingia ndani pamoja. Aita alikuwa amesimama kando ya jiko na taulo mkononi, na nyuma ya jiko, palepale pa siku zote, ilikuwapo ndoo imefunikwa ubao.

"Nilikuwa nakuja kukuita," akaniambia. "Nilidhani ni ile ya zamani mmeisahau. Nimeinusa. Ni yako."

Mzee Prokopi alikuwa mezani. Aliitazama ndoo, kisha akaitazama mikono yake, akaigeuza. Kwenye kucha mlikuwa na weusi mwembamba.

Mimi hasira nilikuwa nayo bado, nikatafuta mahali pa kuitua sikupaona.

"Jana jioni nilikwenda kulifunika blanketi," mzee akasema. "Hilo nalikumbuka. Baridi ilikuwa inashuka, nikalisikia bati linalia. Nikarudi ndani nikala samaki." Akaitazama tena mikono. "Katikati hapo mikono ilifanya kazi yake, na mimi sikuwepo."

"Baba," Gavril akaanza.

"Nyamaza. Mkwe, ulikuwa umeshapiga stata?"

"Hapana. Nilipima kwanza."

Akashusha pumzi. Nilimwona akizeeka na kupona kwa wakati mmoja. Halafu nikakumbuka jambo.

"Baba, jana gari halikutembea."

"Halikutembea."

"Wala juzi. Injini ilikuwa baridi kama jiwe ulipofungua nati. Oili ilitokaje?"

Mzee akakunja uso, anatafuta. Vidole vya mkono wake wa kulia vilizunguka hewani kana kwamba vinafungua nati.

"Ilitoka," akasema. "Ilitoka tu. Kama maziwa."

"Ya kawaida ingetoka?"

"Ya kawaida ungeingojea mpaka majira ya joto."

Aita akacheka, akaziba mdomo. Mimi nikaona nimeshinda, nikasema basi, na maneno yameisha, mimina twende. Gavril hapo akainua kidole.

"Ngoja, ngoja. Hiyo oili imelala jikoni kama mama mkwe. Ina joto. Ukiimimina sasa gari likawaka, umeliwasha kwa njia ya baba. Baba alisema bila ndoo."

Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka migodini alikuwa amesema jambo la kweli.

"Sawa," nikasema. "Tuitoe nje ipoe. Aita, nipe lile karai pana."

"Karai la samaki? Uweke oili ndani ya karai langu la samaki?"

"Nitakununulia lingine."

"Paja la farasi uliniambia hivyohivyo."

Lakini alilitoa. Nikalisugua vumbi, nikalitua juu ya theluji, nikamimina oili yote itandae, ipigwe na baridi vizuri, nikaifunika wavu isiingie takataka. Kando yake Gavril akatua kopo lake la kawaida, bila kifuniko, ili pasiwe na maneno. Tukarudi ndani. Tulikula samaki mbichi aliyeganda, amekatwa nyuzi nyembamba, na chumvi na pilipili. Mzee hakula. Alikaa akitazama mahali pa ndoo, patupu.

Jua lilipochungulia juu ya miti, tukatoka. Mzee alikataa kubaki. Alipiga magoti kwanza kwenye kopo la Gavril, akachomeka kijiko. Kijiko kilisimama wima. Akaligeuza kopo chini juu, akalitikisa. Halikutoa hata chozi. Akalisogelea karai. Hakutumia kijiko. Alivua glavu, akachovya kidole, akakiinua. Oili ilining'inia, ikarefuka, ikadondoka. Haikuwa na haraka, ila ilidondoka.

"Mimina," akasema.

Nikashika karai, Gavril akashika faneli. Hakuna aliyemwomba, alishika tu. Oili ilishuka kwa uvivu, ikameta, mpaka tone la mwisho. Tukaiacha itulie. Nikapima kwa kijiti: imejaa. Nikakaa kwenye usukani, nikakanyaga klachi mpaka mwisho, maana oili ya giabox bado ilikuwa ile nzito na sikutaka injini iiburute. Gavril akachungulia dirishani.

"Shemeji, ukishindwa hapa nitaimba."

"Huna sauti. Ondoka."

Nikazungusha. Stata ilinguruma chini chini, kama mtu mzima anayeamshwa. Mzunguko mmoja, wa pili. Ikakohoa. Nikaachia, nikavuta choki, nikazungusha tena. Mkate ukatikisika wote, ukapiga chafya ya moshi mweupe, ukawaka. Niliangalia mshale wa presha ya oili. Ulikawia, kisha ukapanda. Hapo ndipo nilipoachia pumzi, na sioni aibu kusema hivyo.

Gavril alipiga teke kopo lake likabiringika mpaka kwenye rundo la barafu. Halafu akalifuata akaliokota, kwa kuwa kopo ni kopo.

Mzee alizunguka gari lote na fimbo yake. Akainama, akatazama chini kwa muda mrefu.

"Halijakojoa," akasema.

Nikashuka, injini nikiiacha iendelee. Nikamngoja aseme la ufunguo. Yeye akafungua koti, akaingiza mkono kifuani, akatoa ile spana. Mpini wake ulikuwa umelika mpaka umechukua umbo la kiganja chake. Hakunipa mara moja.

"Ufunguo uko garini," akasema, "nao ni wako. Hii sikuahidi. Lakini ukiniachia, jioni nyingine nitakwenda tena, na siku hiyo utakuwa na haraka, mgonjwa nyuma, na hutapima." Akaitia mkononi mwangu. "Mimi najijua. Mikono hii siiamini tena."

Ningeweza kusema maneno matamu. Sina maneno matamu. Nilisema, "Baba, macho yangu hayaijui oili kama vidole vyako. Kijiti nitakuachia wewe. Kila asubuhi, kabla sijagusa stata, unapima. Usipopima, siwashi."

"Na mimi?" Gavril akauliza. Alikuwa ameshikilia kopo kifuani kama mtoto wa mtu.

"Wewe unavusha wagonjwa siku ninazolala. Ila ukifunga nati, uifute."

Ndoo Aita aliisugua kwa jivu na maji ya moto, akaipeleka zizini kwa maziwa. Anadai bado yana harufu. Mimi nakunywa.

Wiki iliyofuata Varvara alikuja amekimbia, kizee cha nyumba ya mwisho kimebanwa kifua. Mzee Prokopi alitoka bila kofia, akafungua boneti, akachomoa kijiti, akasugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, akaitazama kwa macho yake mabovu akiielekeza kwenye mwanga.

"Nyepesi mno," akasema, kama anavyosema kila siku, akarudisha kijiti na kufunga boneti. "Washa."